Safari ya Bugando

Mama mdogo alikataa basi. Alisema kutoka Rugezi hadi Bunda, halafu Bunda hadi Mwanza, atatikiswa kifua mchana kutwa, na nguo ikimgusa chuchu ya kushoto hapati raha. Ndipo tukakubaliana kwenda na meli ya asubuhi kutoka Nansio, nami kwa mara ya kwanza nikaingia kwenye chombo cha kuvuka maji makubwa.

Watu wa bara wakisikia nimezaliwa Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Victoria, hudhani nimekulia melini. Kwetu haikuwa hivyo. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, mamia ya watu wakafa, na mama yangu akaipiga meli marufuku kwa nyumba nzima. Tangu hapo tulitoka kisiwani kwa kivuko kifupi cha Rugezi kwenda Kisorya, unashuka, unadandia gari la Bunda. Halafu tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka ikikaribia Ukara, ndani ya wilaya yetu wenyewe, watu zaidi ya 200 wakapotea siku moja. Baada ya msiba ule hata mimi sikuhitaji kukatazwa na mtu. Mama alikwisha kufariki, lakini marufuku yake niliendelea kuishika.

Aliyeivunja ni mdogo wake, kwa sababu ya chuchu.

Ilianza wakati wa kuvuna mpunga, kwa kuwasha tu. Baadaye ikatoa magamba, yakibanduka panabaki pabichi, panatoa majimaji yanayokauka na kugandamana na nguo. Asubuhi alikuwa analowanisha kwa maji ya uvuguvugu kabla ya kuvua sidiria. Duka la dawa wakampa krimu. Ikatulia wiki chache, ikarudi. Wakampa nyingine, ikatulia, ikarudi, safari hii imekwisha kuingia kwenye duara jeusi linaloizunguka chuchu. Muda wote huo hakusema neno. Nilijua siku nilipomsaidia kuanua nguo nikaona doa la damu kwenye sidiria ya mwanamke wa miaka 58 aliyeacha kunyonyesha zamani sana.

“Ni upele, mwanangu,” aliniambia. “Wala hauumi. Nimelea watoto saba kwa titi hili, leo nilipeleke kwa daktari kwa sababu ya kuwashwa?”

Nilimpeleka zahanati, zahanati ikatupeleka hospitali ya wilaya. Daktari wa pale, kijana mpole, hakuuliza sana kama inauma. Aliuliza imekaa muda gani, iko upande mmoja au pande zote mbili, ilianzia kwenye chuchu yenyewe au pembeni, na krimu zilifanya nini. Alipomaliza akapapasa titi, akapapasa kwapa, akaketi kuandika barua ya rufaa. Mama mdogo aliposikia Bugando, hospitali ya rufaa iliyoko Mwanza, alinyamaza mpaka nyumbani. Kisiwani kwetu mtu akiambiwa Bugando, majirani huanza kuja kumwona jioni ile ile.

Basi tukafika gatini Nansio alfajiri, na bahasha ya rufaa, kadi ya bima, na kapu la viazi vitamu vya kuchemsha. Wapagazi walikuwa wanapakia matenga ya machungwa. Kabla sijaketi nilitafuta majaketi ya kujiokolea yalikowekwa, nikayaangalia moja moja kamba zake. Meli ilipoacha gati, nchi ikaanza kurudi nyuma, nilimshika mama mdogo mkono, naye akaniachia huo mkono bila kuniuliza kitu. Mitumbwi ya dagaa ilikuwa inarejea kutoka usiku, taa zimezimwa. Maji yalikuwa yametulia. Kadiri jua lilivyopanda ndivyo pumzi yangu ilivyoshuka, na nikaanza kuwaona watu tuliokaa nao.

Mbele yetu alikuwa binti wa miaka kama 20 na kichanga cha kwanza. Mtoto akalia, binti akamweka titini, na nikaona vidole vya miguu yake vinajikunja ndani ya kandambili. Machozi yalimtoka bila sauti. Akamvuta mtoto kwa ghafla, akalifunika titi kwa kanga, lakini tulikwisha kuona: chuchu imepasuka, ina damu. Ushauri ukaanza kumiminika kutoka kila benchi. Mmoja alisema mtoto amelibeulia titi. Mwingine alisema apake samli. Wa tatu akamwambia aachane na kunyonyesha, anunue maziwa ya kopo Mwanza.

Mama mdogo aliniinamia sikioni. “Huyu ndiye wa kupelekwa Bugando, si mimi. Tazama anavyoumia.”

Kauli ile nimeifikiria sana tangu siku hiyo. Sisi sote pale melini, mimi nikiwamo, tulikuwa tunapima ugonjwa kwa machozi. Aliyelia ndiye mgonjwa, aliyenyamaza mzima. Na kati ya wanawake wale wawili waliotazamana kwenye mabenchi, aliyekuwa analia alihitaji robo saa ya mtu anayejua kazi yake, na aliyekuwa anamhurumia alihitaji upasuaji.

Mtu anayejua kazi yake alikuwamo. Alikuwa mama mwenye miwani, mkunga mstaafu, anakwenda Mwanza kufuatilia mafao. Aliinuka polepole akamsogelea binti.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umejifungua lini?”

“Wiki mbili hazijatimia.”

“Hebu mweke tena nione anavyoshika.”

Akatuomba mimi na mwanamke mwingine tushike kanga kuwazuia wanaume wasione, na hapo nyuma ya kanga ile ndipo nilipojifunza jambo ambalo kila msichana angestahili kufundishwa kabla hajapata mimba. Mtoto yule alikuwa amelala chali, shingo ameizungusha upande, anaivuta chuchu kwa ncha ya midomo. Mkunga akamgeuza mwili mzima, tumbo la mtoto likatazamana na tumbo la mama, sikio, bega na nyonga vikawa kwenye mstari mmoja. Akaweka pua ya mtoto mkabala na chuchu. “Sasa ngoja,” akasema. “Ngoja apanue mdomo kabisa. Usimpelekee titi, mlete yeye kwenye titi.” Mtoto akapanua, binti akamvuta haraka, na kidevu kikazama kwenye titi, mdomo wa chini ukafunuka nje. Duara jeusi lilionekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini.

“Unaumia?”

Binti alisubiri. “Kidogo. Si kama mwanzo.”

Mkunga alieleza kwamba mtoto akishika ncha peke yake, chuchu inasuguliwa kwenye kaakaa gumu kila anapovuta, na ndiyo maana inapasuka. Akiingiza na sehemu ya duara, chuchu inafika nyuma, mahali laini. Siku za mwanzo wanawake wengi huhisi maumivu kidogo mtoto anapoanza kuvuta, lakini hayo hupungua siku zinavyosogea. Yakizidi badala ya kupungua, mtoto hajashika vizuri, au pengine ana kiuzi kifupi chini ya ulimi kinachomzuia kuutoa nje, na hilo huangaliwa kituoni. Akamfundisha pia kumtoa mtoto: unaingiza kidole safi pembeni mwa mdomo wake mpaka aachie, humvuti. Tone la maziwa yako mwenyewe lipake kwenye mpasuko, liache likauke kwa hewa. Sabuni kwenye chuchu hapana. Na asiache kunyonyesha, maana maziwa yakijaa bila kutoka ndipo balaa la pili linapoingia.

Balaa hilo la pili alilieleza kirefu, na nilimpenda kwa hilo, kwa sababu binti alikuwa anateremka Mwanza kwenda kukaa na shemeji yake, mbali na mama yake mzazi. Titi likiwa gumu upande mmoja, la moto, linauma, na mwili ukapata homa na kutetemeka, hayo ni maambukizi ya titi. “Vitabu vinasema panakuwa pekundu,” alisema, “lakini kwa ngozi yetu sisi weusi wekundu unajificha. Weka kiganja, usikilize joto na ugumu.” Aendelee kunyonyesha au kukamua, apumzike, anywe parasetamo, na asipopata nafuu ndani ya siku moja aende hospitali apewe antibiotiki. Akiacha, panaweza kutunga jipu, na jipu halitibiwi kwa vidonge peke yake, linahitaji kutolewa usaha. Kama maumivu ni ya kuchoma, yanabaki hata mtoto akimaliza kunyonya, chuchu inang'aa, na mdomoni mwa mtoto kuna utandu mweupe usiofutika, hao ni fangasi, na hapo watatibiwa wote wawili, mama na mtoto, siku ile ile. Ukimtibu mmoja, mwingine anamrudishia.

Alisogea karibu zaidi, akashusha sauti. Alimuuliza binti kama alipimwa kliniki, na majibu yake anayajua. Binti akaitikia kwa kichwa. Sikusikia zaidi, wala sikupaswa. Ila baadaye mkunga alitwambia sote, kwa sauti ya darasani, kwamba mama anayeishi na virusi vya UKIMWI na anatumia dawa zake vizuri ananyonyesha, lakini chuchu ikipasuka ikatoa damu, titi lile lipumzishwe, maziwa yake yakamuliwe na kumwagwa, mtoto anyonye upande ulio mzima, na mama aende kituoni bila kuchelewa wala kuacha dawa. Pale melini hakuna aliyejua nani linamhusu na nani halimhusu. Nadhani ndivyo alivyokusudia.

Mama mdogo alikuwa amesikiliza yote. Alipoona mkunga amerudi kukaa, alinisukuma kiwiko. Nilifikiri anataka maji. Alitaka nimwite.

“Dada,” akamwambia mkunga alipokaa karibu yetu, “na ile isiyouma?”

Akaeleza yote ambayo kwangu aliyaficha miezi: mwasho wa usiku, magamba, krimu, doa. Mkunga hakuomba kuona. Aliuliza tu kama ile chuchu imebadilika umbo, na mama mdogo akasema imelala, zamani ilikuwa imesimama vizuri. Mkunga akavua miwani akaifuta. “Dada yangu, umefanya vyema kupanda meli. Mtoto wako amekusindikiza vyema. Usishuke njiani.”

Hakuna njia ya kushukia katikati ya ziwa, lakini mama mdogo alielewa.

Mwanza huionyesha miamba yake mapema, kabla hujaona watu. Halafu unaona nyumba zilizopandana vilimani, na juu ya kilima kimoja jengo refu la hospitali, linaonekana kutoka majini kabla hata ya bandari. Bugando imekuwa pale tangu 1971, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, na nadhani si mimi peke yangu niliyeitazama kutoka sitahani nikiwa na mgonjwa ubavuni. Miaka ya nyuma mtu wa kanda yetu akihitaji mionzi ya saratani alilazimika kusafiri mpaka Ocean Road, Dar es Salaam, nchi nzima kutoka kona hadi kona, wengi wakaishia kuuza ng'ombe na kurudi nusu ya tiba. Sasa mionzi ipo Bugando. Bado ni mbali kwa mtu wa Ukara au wa Ukerewe ndani, lakini si umbali ule.

Tulilala kwa ndugu, mtaa wa Igogo, na asubuhi tukapanda kilima. Habari za foleni nitazipita; kila aliyewahi kwenda hospitali kubwa anazijua, na zetu hazikuwa na jipya. Nitamtaja mzee mmoja tu. Alikaa benchi moja na sisi, kofia mkononi, na kila muuguzi alipopita alimwuliza kama amemsindikiza mkewe. Mara ya tatu akajibu kwa utulivu kwamba mgonjwa ni yeye, ana uvimbe mgumu nyuma ya chuchu na chuchu imevutwa ndani. Wanawake tukageuka. Wanaume nao wana tishu ya titi, kidogo. Saratani yao ni nadra, karibu mmoja katika kila wagonjwa mia wa saratani ya matiti, na kwa kuwa hakuna anayewaambia, hufika wakiwa wamechelewa. Mama mdogo alimpa kiazi.

Daktari bingwa wa upasuaji alikuwa mwanamke, umri wangu. Alimwamkia mama mdogo kwanza, ndipo akasoma barua. Alimtaka akae mikono kiunoni, kisha ainue mikono juu, akitazama kama ngozi inavutwa mahali. Alituonyesha kwenye picha ukutani ngozi iliyotutumka na kuwa na vishimo vidogo, inayofanana na ganda la chungwa, akasema hiyo ikionekana hata kama hakuna maumivu mtu asingoje kliniki ya wiki ijayo. Mama mdogo hakuwa nayo. Kisha akapapasa, titi la kulia kwanza, lile zima, ili apate kulijua lilivyo.

Nilimwuliza kwa nini isiwe upele wa kawaida, kwani krimu zilisaidia. Alijibu kwa subira. Upele wa ngozi mara nyingi huja pande zote mbili, huanzia kwenye duara au pembeni, chuchu yenyewe huachwa, na ukitibiwa huisha. Huu umeshika upande mmoja, ulianzia kwenye chuchu, ndipo ukatoka nje. Krimu hutuliza wekundu wa juu na kumdanganya mgonjwa na muuza dawa vilevile. Kuna saratani inayoitwa ugonjwa wa Paget, kwa jina la James Paget, daktari wa upasuaji wa London aliyeandika mwaka 1874 kuhusu wanawake waliokuwa na kidonda cha namna hii cha chuchu, kisha saratani ikaonekana ndani ya titi. Ni nadra, wagonjwa wachache katika kila mia. Lakini wengi wa wanaoipata wana saratani nyingine ndani ya titi hilo hilo, hata pale mkono usipoigusa. “Siwezi kukuambia ndiyo wala hapana kwa macho,” alisema. “Nitachukua kipande kidogo cha ngozi kipimwe. Chochote kilichokaa kwenye chuchu zaidi ya wiki mbili tatu bila kupona, mimi nakipima.”

“Lakini haiumi, daktari,” mama mdogo akasema. Alikuwa bado anaishikilia.

“Najua, mama. Zinazouma sana wengi nawarudisha nyumbani wazima.”

Akaeleza, nami nikachukua nafasi hiyo kuuliza la kwangu, kwa sababu kila mwezi chuchu zangu huwa hazitaki hata kuguswa na shuka. Aliniuliza ni zote mbili? Ni siku za kabla ya hedhi, na damu ikianza zinaachia? Hayo ni mabadiliko ya homoni, akasema, na ndiyo yanayowaleta wanawake wengi kwa hofu. Mimba changa huleta vivyo hivyo, wakati mwingine kabla mtu hajajua ana mimba. Na baadhi ya njia za uzazi wa mpango. Na sidiria inayobana, na sabuni mpya, na kwa wanaokimbia mbio ndefu, fulana iliyolowa jasho inayosugua njia nzima. Maumivu ya aina hiyo yana sababu yake na mwisho wake. Kinachomfanya aite mtu ndani haraka ni maumivu yaliyokaa upande mmoja, mahali pamoja, hayafuati mwezi, majimaji yanayotoka yenyewe bila kukamuliwa, hasa ya damu, chuchu iliyokuwa imesimama ikaanza kuingia ndani, kidonda kisichofunga, uvimbe kwenye titi au kwapani. Nilimwona akiyasema kwa haraka, ameyasema mara nyingi. Nikamwomba arudie, nikayaandika nyuma ya bahasha ya rufaa.

Mamografia ilifuata, na utrasaundi. Siku ya kuchukua kile kipande nilisimama kichwani kwake. Walimchoma sindano ya ganzi, na alisema baadaye kwamba ile sindano ndiyo iliyouma kuliko ugonjwa wote.

Tukaambiwa turudi baada ya wiki chache kwa majibu. Meli ya kurudi niliipanda bila kuhesabu majaketi. Nansio majirani walitujia, na hapo mama mdogo alifanya jambo ambalo sikulitegemea: alisema wazi. Desturi yetu ni kusema “nilikwenda kuangalia presha”. Yeye alisema ni chuchu, ina kidonda, imekatwa kipande, tunangoja. Nyumba ilinyamaza. Kisha mwanamke mmoja aliyekuwa karibu na mlango akauliza kidonda chenyewe kilianzaje.

Majibu yalikuwa ya Paget. Ndani ya titi, mahali ambapo hakuna mkono uliowahi kuhisi chochote, mamografia ilionyesha vidoa, na vipimo vilivyofuata vikasema saratani bado imo ndani ya mirija ya maziwa, haijapasua kutoka nje. Daktari alituchorea kwenye karatasi mirija ilivyo, na seli zilivyosafiri kwenye mrija mpaka kufika kwenye ngozi ya chuchu. Ile ngozi iliyowasha, alisema, ndiyo iliyokwenda kutoa taarifa ya kule ndani. Akampa njia mbili. Ya kwanza, kutoa chuchu, duara na sehemu ya titi iliyo nyuma yake, halafu mionzi kwa wiki kadhaa. Ya pili, kutoa titi lote, na kwa hatua yake pengine mionzi isihitajike. Zote mbili zinatibu. Akamwambia asiamue siku hiyo.

Mama mdogo aliuliza maswali ya mtu wa shamba: wiki ngapi hasa, atalala wapi, mkono wa kushoto utashika jembe lini, na kama wataangalia kwapa. Wataangalia, daktari akajibu, watachukua tezi chache zipimwe. Usiku ule Igogo hatukulala sana. Nilitaka achague njia ya kwanza, ya kubaki na titi, na nilimwambia hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema titi limekwisha kufanya kazi yake, yeye ana mihogo na wajukuu, hawezi kukaa mjini wiki zote hizo kwa mionzi kama kuna njia nyingine. Nilikuwa namwamulia kwa huzuni yangu mimi. Yeye alikuwa anaamua kwa maisha yake.

Asubuhi aliweka sahihi, herufi kubwa kubwa, na akaomba kalamu aandike na tarehe.

Upasuaji ulikwenda salama. Tezi za kwapani zilikuwa safi. Ilimchukua muda kuinua mkono mpaka kichwani, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimfundisha kutembeza vidole ukutani kila siku, juu zaidi kidogo, mpaka akaweza kujifunga kilemba mwenyewe. Kliniki anaendelea nayo, na titi la kulia hupigwa picha kila mwaka. Yule binti wa melini alitupigia simu kwa namba aliyopewa na mkunga. Mpasuko umepona, mtoto ananenepa, na ameshamfundisha mke wa jirani yake kugeuza kichanga tumbo kwa tumbo.

Na yule mwanamke aliyeuliza pale mlangoni alirudi siku nyingine, peke yake, jua limezama. Mama mdogo akaingia naye chumbani, akafunga pazia. Walipotoka alinituma nikaulize meli ya asubuhi inaondoka saa ngapi. Baada yake wamekuja wengine. Mmoja alikuwa na fangasi za kunyonyesha, akatibiwa palepale Nansio pamoja na mtoto wake. Mwingine, msichana wa sekondari, alikuwa anakua tu, na mama yake aliondoka akiwa amepumua. Yule wa mlangoni alikuwa anatokwa na damu kwenye chuchu ya kulia tangu mwaka uliopita. Wiki ijayo tunakwenda naye kuchukua majibu.